Zahanati tumejengewa. Nesi ataajiriwa na nani?

Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti hufanana sana kutoka wadi moja hadi nyingine. Viti vya plastiki hupangwa chini ya mwembe au ndani ya ukumbi wa kanisa. Daftari la mahudhurio huzungushwa, kila mtu aandike jina, nambari ya kitambulisho na ya simu. Maombi hufanywa, kisha wageni hutambulishwa mmoja mmoja: msimamizi wa wadi, afisa kutoka Hazina ya Kaunti, chifu, wazee wa vijiji, na diwani akiwahi kufika. Mwananchi wa kawaida anapopewa nafasi ya kusema, jua limeshapanda, na kina mama waliokuja na watoto mgongoni wameanza kutazama njia ya nyumbani. Anasimama wa kwanza, anaomba zahanati. Wa pili anaomba kisima. Wa tatu anataka barabara itiwe changarawe kabla ya mvua. Mzee mmoja anaomba darasa la chekechea, maana watoto wanasomea chini ya mti. Afisa anaandika yote, anashukuru, na watu wanagawiwa soda na mkate.

Ni nadra sana mtu kusimama katika kikao cha aina hii na kuuliza kaunti itaajiri wauguzi wangapi mwaka huu, au dawa za zahanati iliyopo tayari zimetengewa pesa ngapi. Si kwamba wakazi hawajali. Mama aliyetembea na mtoto mwenye homa hadi zahanati akakuta kufuli mlangoni anajali kuliko afisa yeyote. Ila swali linaloulizwa kikaoni ni moja tu: mnataka mradi gani? Naye hujibu alichoulizwa.

Naamini hapo ndipo ugatuzi unapowapoteza wenyewe. Ubadhirifu upo, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huuanika kila mwaka. Lakini hata kaunti ambayo haipotezi senti moja inaweza kuwa na zahanati iliyofungwa, kwa sababu sehemu ya bajeti ambayo wananchi hushauriwa ndiyo ndogo, na huduma wanazozililia zimo katika ile kubwa.

Hesabu yenyewe iko hivi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Kanuni za 2015 zikaongeza kwamba mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi huvuka mpaka huo wa mishahara na hazifikii ule wa maendeleo, na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, Dkt Margaret Nyakang'o, zimelirudia jambo hilo mara nyingi. Kwa hiyo hata kaunti inayojitahidi kufuata sheria hubaki na takriban asilimia 70 ya pesa zake nje ya orodha ya miradi. Humo ndimo mlimo mshahara wa nesi, dawa, mafuta ya ambulensi, bili ya stima ya kusukuma maji, malipo ya mwalimu wa chekechea. Sehemu hiyo haifiki chini ya mwembe. Huzungumzwa na wakuu wa idara na Hazina ya Kaunti, hupita katika kamati ya bajeti ya bunge la kaunti, kisha hupigiwa kura kwa jumla ya mamilioni ambayo hakuna mwanakijiji anayeweza kuona jina la zahanati yake ndani yake.

Tazama zahanati ya kijijini, ile ambayo katika mpangilio wa afya wa Kenya huhesabiwa kuwa kituo cha daraja la pili. Nje kuna ubao uliopakwa rangi unaotaja huduma, malipo na muda wa kusubiri. Ndani kuna chumba cha kuwaonea wagonjwa, chumba cha sindano na vidonda, stoo ya dawa na friji ya chanjo. Mara nyingi nesi ni mmoja. Yeye ndiye anayepima wajawazito, anayedunga watoto chanjo, anayegawa dawa na anayejaza vitabu vya ripoti mwisho wa mwezi. Chanjo zikipungua, yeye mwenyewe hupanda bodaboda na kisanduku cha barafu hadi hospitali ya kaunti ndogo kuzichukua, na siku hiyo mlango hufungwa. Akienda kujifungua mwenyewe, kijiji kizima hurudia kutembea hadi kituo cha mbali. Mlinzi na mtu wa usafi hulipwa na kamati ya zahanati kama vibarua, pesa zikipatikana. Pembeni kuna wodi ya kujifungulia iliyopakwa rangi, vitanda bado vimevikwa plastiki zake za dukani, kwa kuwa uchungu wa uzazi hauna saa na nesi mmoja hawezi kukesha kila usiku.

Kisha ingia stoo. Kila dawa kwenye rafu ina kadi yake, ambapo huandikwa tarehe, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Kadi hizo zina habari nyingi kuliko hotuba ya bajeti. Ukiona mstari wa amoksilini ya watoto umefika sifuri, kisha chini yake hakuna kilichoandikwa kwa wiki kadhaa, umeuona uamuzi wa kaunti kwa macho. Kaunti huagiza dawa kutoka Mamlaka ya Usambazaji wa Dawa, KEMSA, na kwa miaka mingi zimekuwa zikidaiwa nayo mabilioni ya shilingi. Deni likizidi, shehena inayofuata hukawia. Madeni ya dawa ni sehemu tu ya mzigo: kufikia Juni 30, 2024, kaunti zote kwa pamoja zilikuwa na bili ambazo hazijalipwa za zaidi ya Sh180 bilioni, na Nairobi peke yake ilibeba zaidi ya nusu. Kaunti inapopokea mgao wake kutoka Hazina ya Taifa ukiwa umechelewa miezi miwili au mitatu, jambo ambalo magavana hulilalamikia kila mwaka, kinacholipwa kwanza ni mishahara. Dawa husubiri. Nani aliamua zisubiri? Hakuna kikao cha wadi kilichoulizwa.

Mtindo huu wa jengo kwanza, huduma baadaye, ni wa zamani kuliko kaunti. Baada ya Uhuru, wananchi walichanga kwa moyo wa Harambee wakajenga shule na vituo vya afya kwa mikono yao, halafu wakaenda kwa serikali kuomba walimu na wauguzi. Pengine serikali ilileta, pengine haikuleta. Miaka ya 2000 ikaja hazina ya maendeleo ya maeneobunge, CDF, iliyoanzishwa 2003. Wabunge wakajenga zahanati nyingi, na Wizara ya Afya ikajikuta inadaiwa wafanyakazi wa vituo ambavyo haikuvipanga. Kaunti 47 zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, zilirithi majengo hayo, zikarithi wafanyakazi wa mabaraza 175 ya serikali za mitaa yaliyovunjwa, na zikarithi mazoea.

Serikali ya kitaifa nayo haikuwa na mazoea tofauti. Mwaka 2015 ilikodi mashine za hospitali kwa niaba ya kaunti zote, hospitali mbili kwa kila kaunti: eksirei, za kusafisha damu, za vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi. Mwanzoni kila kaunti ilitozwa Sh95 milioni kwa mwaka, baadaye Sh200 milioni, na kiasi kilikuwa kilekile kwa kaunti kubwa na ndogo. Seneti ilipokuja kuchunguza mpango huo, ilikuta hospitali ambazo mashine zilikaa bila kutumika kwa kukosa stima ya kutosha, maji, chumba au mtaalamu wa kuziendesha. Zipo mashine hizo zilizookoa maisha, hasa za kusafisha damu katika kaunti ambazo mgonjwa wa figo alilazimika kusafiri hadi Nairobi au Mombasa. Ila zile zilizolala zililipiwa sawa na zilizofanya kazi, na pesa zake zilikatwa katika bajeti ileile inayolipa wauguzi.

Wanasiasa wana sababu ya kupenda majengo, na inajulikana: jengo lina jiwe la msingi lenye jina, lina utepe wa kukatwa, lina picha. Sitakaa hapo sana. Kinachonigusa zaidi ni kwamba wananchi nao huomba majengo, na wana akili timamu wanapoomba. Nesi huhamishwa. Dawa huisha. Gavana hubadilika na mpango wake ukafa naye. Jengo likishasimama halihamishwi, na mwanakijiji aliyesahauliwa na serikali kwa miaka 50 kabla ya ugatuzi anajua kwamba kuta ndizo ahadi pekee ambayo mtu hawezi kuja kuichukua. Afisa anayewalaumu wakazi kwa kutaka zahanati ya pili wakati ya kwanza haina nesi hajajiuliza kwa nini hawaamini kwamba nesi atakuja.

Tena lazima tuseme ukweli kuhusu ugumu ulio upande wa kaunti. Zahanati mpya inahitaji wauguzi wapya, na wauguzi wapya wanaongeza mzigo wa mishahara ambao tayari umevuka asilimia 35. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti haiwezi kutangaza nafasi ambazo Hazina ya Kaunti haina pesa za kuzilipa. Matokeo yake ni ajira za mkataba wa miezi au mwaka, bila uhakika, na migomo. Nchi haijasahau 2017: madaktari waliogoma kuanzia Desemba 2016 walirudi kazini Machi baada ya siku 100, kisha Juni wauguzi wakatoka na kukaa nje kwa takriban miezi mitano. Vituo vilikuwepo vyote, na milango yake ikabaki imefungwa.

Kwa maoni yangu, kaunti yenye zahanati zisizo na wauguzi isimamishe ujenzi wa vituo vipya vya afya hadi vile vilivyopo vifanye kazi. Najua ni neno zito kumwambia mtu wa Turkana au Tana River, ambako kituo cha karibu kinaweza kuwa safari ya siku nzima. Huko kliniki tamba inayofika kijijini kwa siku zinazojulikana ingemfaa mama mjamzito kuliko kuta zisizo na mtu ndani. Na katika maeneo yenye watu wengi, kituo kimoja cha afya kinachofungua usiku na mchana, chenye wauguzi wa zamu na ambulensi yenye mafuta, kinafaa kuliko zahanati tatu zinazofungwa saa kumi jioni. Lakini uamuzi kama huo hauwezi kutangazwa kutoka makao makuu. Wanakijiji watakaokosa zahanati yao wanastahili kuonyeshwa hesabu, na kuamua wao wenyewe wakiwa wameiona.

Makueni imekaribia kufanya hivyo kuliko kaunti nyingine ninayoijua, na inafaa tuitazame kwa makini. Ilianza vibaya. Mwaka 2014 gavana wa wakati huo, Prof Kivutha Kibwana, na bunge la kaunti walitofautiana juu ya bajeti hadi watu wakafyatuliwa risasi katika majengo ya bunge mjini Wote. Wakazi walitia sahihi ombi la kutaka kaunti yao ivunjwe. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikapendekeza ivunjwe, na 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Katika miaka hiyohiyo ya msukosuko, kaunti ilijenga mfumo wa vikao unaoanzia kijijini, ukapanda kwa vijiji vya jirani, ukafika wadi, kaunti ndogo, hadi kongamano la kaunti nzima, na kila ngazi huchagua kamati yake ya maendeleo. Mradi ukipitishwa, wakazi huchagua kamati ya kuusimamia, na mwanakandarasi hutegemea sahihi ya kamati hiyo ili alipwe. Mzee asiyejua kusoma mchoro anaweza kusema kwamba saruji iliyotumika ni kidogo, na neno lake likazuia hundi. Mradi ukikamilika, wanaoutumia huwa na kamati ya kuuendeleza, ya kushughulika na pampu ikiharibika na mlinzi akidai malipo yake.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inauliza swali la kesho. Na Makueni iliuliza swali hilo kwa kiwango kikubwa zaidi 2016, ilipoanzisha mpango wa matibabu ulioitwa MakueniCare. Familia ililipa Sh500 kwa mwaka na ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila kulipishwa tena. Uamuzi wa aina hiyo hauna jiwe la msingi. Ni uamuzi wa kulipa dawa, madaktari na vipimo mwezi baada ya mwezi, na wananchi waliuelewa vizuri sana, maana kila familia iliyojiunga ilikuwa na kadi yake na Sh500 yake ndani. Hospitali ikikosa dawa, mwenye kadi alikuwa na haki ya kuuliza.

Mambo ya aina hiyo yapo pia nje ya Makueni. Elgeyo Marakwet ilitunga sheria 2015 inayoweka kanuni ya kugawia wadi fedha za maendeleo, ili mgao wa wadi usitegemee ukaribu wa diwani na gavana. Na tangu Septemba 2023 kuna wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, wanaopita nyumba kwa nyumba na begi lenye kipimo cha presha, cha sukari na cha malaria. Posho yao ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu inatoka serikali ya kitaifa na nusu kaunti. Huduma hii haina jengo hata moja. Nyumba ambayo mama hajapeleka mtoto chanjo, mhudumu huyu ndiye anayeijua. Lakini uhai wake wote uko katika ile Sh2,500 ya kaunti kufika kwa wakati, na mhudumu asipolipwa kwa miezi kadhaa, hakuna ufa ukutani wa kumwonyesha mpita njia kwamba kitu kimebomoka.

Chekechea ni hivyohivyo. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya watoto kabla ya shule ya msingi, na serikali ya kitaifa ikabaki na shule za msingi. Ndiyo maana katika uwanja mmoja wa shule utakuta mwalimu wa gredi ya kwanza ameajiriwa na tume ya kitaifa ya walimu, TSC, na mwenzake wa chekechea, mita chache kutoka hapo, yuko kwenye mkataba wa kaunti na mshahara mdogo kabisa. Kaunti zimejenga madarasa mengi mazuri ya chekechea, yenye michoro ya wanyama na herufi ukutani. Kilio cha walimu wake kuhusu malipo kimeendelea tangu 2013. Maji nayo yana hadithi ileile: kisima kinachimbwa, tangi linapandishwa juu, kibanda cha kuuzia maji kinafunguliwa, na siku pampu inapoungua kamati haina pesa ya fundi, kina mama wanarudi mtoni na mitungi ya lita 20.

Pesa zinazokwenda kaunti zimeongezeka. Mgao wa pamoja ulikuwa Sh190 bilioni katika mwaka wa kwanza, 2013/14, na Sh415 bilioni katika 2025/26. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na zimekuwa zikipata zaidi. Sehemu ambazo hazikuwa na lami, hospitali ya upasuaji wala maji ya mfereji zimevipata. Anayesema ugatuzi haukuleta kitu hajafika kaskazini mwa nchi. Ndiyo sababu naona uchungu pesa hizo zinapogeuka kuta tupu.

Sasa, mwananchi afanye nini? Jambo la kwanza ni tarehe, kwa kuwa wengi wetu huenda kikaoni wakati mambo yameshaiva. Mapendekezo ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 na hupitishwa kufikia Juni 30, na huo ndio msimu wa viti vya plastiki. Lakini orodha ya miradi ya mwaka unaofuata huwa imeandikwa katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unaowasilishwa kufikia Septemba 1, miezi minane kabla. Na kiasi ambacho kila idara itapata, yaani kama afya itaongezewa au itapunguziwa, huamuliwa katika waraka wa mkakati wa fedha unaofika bunge la kaunti kufikia Februari 28. Aliyekosa Februari akaja Mei anakuta afya imeshafungiwa kiwango chake. Akiomba nesi wa ziada wakati huo, ataambiwa kwa haki kabisa kwamba pesa zimekwisha kugawanywa.

Sheria ileile ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi, ambamo wafanyabiashara, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini wana viti vyao, na ni lazima lishauriwe kuhusu waraka huo wa Februari. Waulize wanaowakilisha kundi lako ni kina nani na waliitwa lini mara ya mwisho. Kaunti isiyo na jukwaa hilo inavunja sheria.

Mahakama nayo imeshasema. Mwaka 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu alifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Alieleza kwamba bunge la kaunti lapaswa kuwafikia watu makanisani, misikitini, mahekaluni, mabarazani na kwenye redio za lugha za nyumbani. Zaidi ya miaka kumi baadaye, tangazo la kikao bado hutoka gazetini kwa Kiingereza siku chache kabla, na kitabu cha bajeti ni mamia ya kurasa ambazo hata mwalimu mstaafu wa hesabu atazifungua na kuzifunga. Kaunti inaweza kuandika karatasi moja kwa Kiswahili kwa kila wadi: vituo vya afya vilivyopo, wauguzi walio kazini katika kila kimoja, pesa za dawa zilizotengwa na zilizofika, visima vinavyotoa maji na vilivyokufa, walimu wa chekechea na mwezi waliolipwa mara ya mwisho. Kando ya kila mradi mpya unaopendekezwa iandikwe gharama ya kuuendesha kwa mwaka. Karatasi hiyo isomwe kikaoni kabla ya mtu yeyote kuulizwa anataka nini. Naamini wakazi wakiisikia, wengi wao wataomba nesi.

Na kaunti isipoiandika, mwananchi anaweza kuidai. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 89, inazilazimu ofisi za kaunti kujibu maombi na malalamiko ya wananchi bila kukawia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu ombi la habari. Ombi si lazima liandikwe na wakili, na Kiswahili kinakubalika. Mwandikie afisa mkuu wa afya wa kaunti, peleka nakala kwa karani wa bunge la kaunti na nyingine kwa diwani wako. Taja zahanati kwa jina. Uliza ina wafanyakazi wangapi kwenye orodha ya mishahara na wangapi wanaoonekana kazini. Uliza dawa ziliagizwa lini mara ya mwisho, za shilingi ngapi, zikafika lini. Uliza wodi ya kujifungulia itafunguliwa mwezi gani, na mshahara wa watakaofanya kazi humo umo katika ukurasa upi wa bajeti. Omba nakala yako ipigwe mhuri wa mapokezi, uandike tarehe. Siku 21 zikipita bila jibu, malalamiko hupelekwa kwa ofisi ya Ombudsman, ambayo ndiyo yenye jukumu la kusimamia sheria hiyo.